KICHWA CHA MFANYAKAZI SI GUNIA TUPU

Somo juu ya namna ya kufundisha sekirite kazini na afya nyumbani

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya vumbi, malaria, maji machafu, mgongo na macho. Leo tutasema juu ya jambo linalotangulia hayo yote: mtu anajifunza namna gani? Kwa maana tunaweza kuandika kila mwezi "Vaa maski", na kila mwezi mtu akasoma, akakubali kwa kichwa, kisha akaenda kazini na maski yake akaivaa shingoni.

Waulizeni watu wanaofanya kazi kwenye mashine ya kutoboa mwamba swali hili: vumbi likiingia kifuani, unafanya nini ili litoke? Wengi watajibu: unakunywa maziwa. Jibu hilo si la wajinga. Wamelipokea kwa baba zao na kwa wenzao wa kazi, na linasikika katika migodi na viwanda vya nchi nyingi. Tena lina akili yake. Maziwa ni laini, yanashuka vizuri, koo lililokauka linapata nafuu, mtu anatema mate yenye uchafu, anasema: "Limetoka."

Sasa mwalimu wa sekirite anafika. Anasimama mbele ya watu arobaini, anasoma karatasi ya Kifaransa, anaitafsiri mbio mbio: vumbi la silika ni hatari, linaleta silikozi, vaeni maski. "Mmeelewa?" "Ndiyoo!" Wanatia sahihi, wanatoka. Juu ya maziwa hakuuliza neno hata moja.

Mtu yule anarudi kazini na mambo mawili kichwani: maski ya mwalimu na maziwa ya baba. Siku joto linapozidi na maski inapombana pumzi, anaishusha, kwa kuwa maziwa yanamngoja nyumbani. Mkubwa wa kazi atasema huyu ni mkaidi. Mimi sisemi hivyo. Amepiga hesabu yake kwa vitu alivyo navyo kichwani, na kitu kimoja kati ya hivyo ni cha uongo, wala hakuna aliyekigusa.

WALIOCHUNGUZA JAMBO HILI

Kuna elimu inayofundisha kwamba maarifa hayamiminwi kichwani kama unga katika gunia. Kila mtu anayajenga mwenyewe, juu ya yale anayoyajua tayari. Wataalamu wanaiita konstruktivisimu, maana yake elimu ya kujijengea. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe mtalitambua.

Jean Piaget, mtu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1980, alitumia miaka mingi akiwauliza watoto maswali na kuyasikiliza makosa yao. Unaweza kufanya jaribio lake moja leo jioni. Chukua glasi mbili zilizo sawa, tia maji kiasi kile kile, na mtoto wa miaka mitano akubali kwamba ni sawa. Kisha mimina maji ya glasi moja katika chupa ndefu nyembamba, mbele ya macho yake. Muulize: wapi kuna maji mengi? Mara nyingi atakuonyesha chupa. Usimcheke. Anaona maji yamepanda juu, anahesabu kwa urefu. Kosa lake lina njia, na mwalimu asiyeijua njia hiyo atapoteza bure wakati wake. Ukimwambia tu "Hapana, ni sawa", atasema "ni sawa" ili umwache, na kesho atakuonyesha tena chupa.

Sisi wakubwa tuna chupa zetu. Maziwa ya kusafisha kifua ni mojawapo.

Mmarekani mmoja, David Ausubel, aliandika mwaka 1968 kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kufundisha ni kujua mwanafunzi anajua nini tayari, kisha kuanzia hapo. Na Mrusi Lev Vygotsky, aliyekufa mwaka 1934, alionyesha kwamba kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya peke yake leo, lakini anaweza akisaidiwa na mwenye kujua zaidi. Na hapo hapo ndipo pa kumfundishia. Mafundi wetu walifanya hivyo kabla ya kusikia majina ya hao mabwana.

SOMO LA VUMBI, MARA YA PILI

Tuanze upya lile somo la vumbi. Mara hii mwalimu anakuja na tochi, kinga za mkono zilizochakaa kazini, ndoo ya maji na chaki. Asiwe na watu arobaini. Kumi na wawili wanatosha.

Kwanza anauliza juu ya vumbi na kifua, ananyamaza, anasikiliza. Maziwa yatatajwa. Anayaandika ubaoni pamoja na majibu mengine yote, bila kucheka na bila kukemea. (Mwalimu akikemea hapa, somo limekwisha: kuanzia sasa watu watamwambia yale anayopenda kusikia.)

Kisha wanafunga madirisha, chumba kinakuwa giza, tochi inawashwa ubavuni. Mtu mmoja anazipiga kinga zile mara mbili tatu, naye mwenye kupiga pamoja na walio karibu wamevaa maski. Katika mwanga wa tochi kila mtu anaona vumbi linalong'aa kama moshi. Vipande vizito vinashuka upesi. Lakini vile vidogo vinaelea, vinazunguka, bado vipo wakati watu wameanza kuchoka kungoja. Tochi ikizimwa na dirisha likifunguliwa, hewa inaonekana safi kabisa. Mwalimu anauliza: "Vumbi limekwenda wapi?" Hapo watu wanaanza kubishana wao kwa wao, na mabishano hayo ndiyo somo.

Baada ya hapo anaweza kutoa hesabu, kwa maana sasa zina mahali pa kukaa. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimeta. Jicho peke yake linaona kipande cha mikroni 50 hivi. Vumbi linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu ni lile lililo chini ya mikroni 10, na baya zaidi ni lililo chini ya 5. Maana yake, vumbi unaloliona sehemu yake kubwa inanaswa puani na kooni. Lile linaloua hulioni. Mtu anayengoja kuona vumbi ndipo avae maski amekwisha chelewa.

Sasa chaki. Mwalimu anachora kichwa na kifua cha mtu, na njia mbili zinazoshuka kutoka kooni: moja inakwenda tumboni, nyingine mapafuni. Anampa mmoja wao chaki: "Papa, tuonyeshe njia ya bukari." Anachora mpaka tumboni. "Tuonyeshe njia ya pumzi." Anachora mpaka mapafuni. "Na maziwa?" Mara nyingi chaki inasimama hewani kidogo. Halafu wenzake wanamjibia: maziwa yanafuata bukari. Na yakikosea njia? Unakohoa mpaka machozi yanatoka. Kila mtu amekwisha paliwa na maji siku moja, anajua.

Mwalimu hakusema kwamba maziwa ni uongo. Wamelisema wenyewe. Yeye anaongeza tu: maziwa ni chakula chema, mnyweni, wapeni watoto, lakini hayafiki lilipo vumbi. Vumbi la silika likikaa mapafuni linafanya makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Tena mapafu yenye silikozi yanashikwa upesi na kifua kikuu.

Mwisho anachovya kinga katika ndoo, anazikamua, mtu anazipiga tena mbele ya tochi. Hakuna moshi. Ndipo mtoboaji anafahamu kwa nini chuma cha mashine yake kina tundu la kupitisha maji, na kwa nini kufunga maji ili kazi isilowane ni kujifanyia ubaya mwenyewe. Mashine za zamani zilitoboa jiwe kavu. Mmarekani George Leyner alitoa mashine ya kupitisha maji mwaka 1897, na huko Marekani mashine za kavu wachimbaji waliziita zenye kufanya wajane.

Somo hilo linakula dakika arobaini badala ya kumi. Najua wakubwa wa kazi wataniuliza juu ya dakika hizo thelathini. Wazihesabu pamoja na miaka ya mtu aliyelala nyumbani anapumua kwa shida, wao wanajua hesabu kuliko mimi.

WAZEE WALIPOONDOKA

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kufikiri sana juu ya kufundisha. Lubumbashi ni mji wa shaba: ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru lake lilitoa shaba ya kwanza. Lakini shaba ya Katanga ilianza zamani kuliko hapo. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika mwaka 1926 habari za mafundi walioitwa "wala shaba", waliolichukua lile jiwe la kijani, malakiti, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu. Hawakuwa na ubao wala karatasi ya kutia sahihi. Rangi ya moto na hali ya udongo ni mambo ambayo jicho linayazoea mbele ya tanuru, pamoja na mwenye kujua.

Katika migodi mikubwa pia maarifa mengi yalipita hivyo, kutoka kwa kapita mzee kwenda kwa kijana wake. Halafu kamba ikakatika. Mwezi wa tisa mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, upande wa Kolwezi, ilibomoka. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi, uliokuwa umefanya kazi tangu mwaka 1924, ulisimama. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka mara moja katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Kipushi ilianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Hesabu wenyewe: kijana aliyekuwa na miaka 20 siku mgodi uliposimama alikuwa na 51 siku ulipoamka. Nani alimfundisha kijana wa leo kusikiliza mwamba?

Anafundishwa kwa filamu na kwa maswali ya kutia alama. Filamu si mbaya. Lakini huyo kijana hakuja mtupu. Wengi walianza kwa kuchimba kwa mikono pamoja na ndugu zao, na wametoka huko na sheria zao kichwani. Nyingine ni nzuri, nyingine zitamuua akizileta mahali pengine. Kapita mwenye akili anaanza na hizo.

"Kijana wangu, ulipokuwa unachimba, ulijuaje kwamba shimo linataka kuanguka?"

"Papa, udongo unaanza kudondoka kidogo kidogo. Ukiona hivyo unatoka mbio."

"Vizuri. Udongo ulikuwa unakuambia. Sasa angalia juu hapa. Ni jiwe gumu, halina udongo wa kudondoka. Litakuambia kwa nini?"

Kijana hajui. Lakini sasa anataka kujua, na hilo ndilo kapita alilokuwa analitafuta. Anamsimamisha chini ya mwamba uliokwisha kazwa, mahali penye njia wazi ya kurudi nyuma, anampa baramini ndefu. "Gonga pale." Jiwe linalia kama kengele. "Gonga na kule, bila kusogeza miguu yako." Sauti inatoka nzito, kama ngoma. Kapita hasemi neno. "Papa, kule ndani pako wazi." Ndiyo, jiwe lile limeachana na mwenzake, linangoja tu. Wanaliangusha kwa baramini, kutoka ubavuni, wakianzia penye usalama na kusonga mbele pole pole, si kuanzia mbele. Kijana huyo hatasahau sauti ile, kwa kuwa ameisikia kwa masikio yake na ameishika katika mikono yake: chuma kinatetemeka namna nyingine kabisa.

Angalieni kwamba kapita hakuikataa sheria ya kijana. Aliichukua, "mwamba unasema kabla ya kuanguka", akajenga juu yake.

MAMBO AMBAYO MTU HAPASWI KUYAGUNDUA MWENYEWE

Kuna watu wamesikia maneno haya nusu, wakadhani maana yake ni kumwacha mwanafunzi ajaribu mpaka apate. Hapana! Umeme hauna mtihani wa pili. Vile vile asidi ya sulfuriki katika viwanda vyetu vya shaba, na mkanda wa mashine unaozunguka. Hakuna anayejenga maarifa juu ya mkono uliokatika.

Mwaka 1976 walimu watatu, Wood, Bruner na Ross, waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa la waashi. Jukwaa linasimamishwa kwanza, mwashi anafanya kazi juu yake, na linaondolewa kidogo kidogo ukuta unapoweza kujisimamia. Anayeliondoa siku ya kwanza ni mwuaji. Asiyeliondoa kamwe atakuwa na fundi asiyeweza kufanya kitu bila kuamriwa. Hiyo ya pili tunaiona sana, mtu anayengoja amri hata wakati moto unawaka.

Jambo la kufanya ni kupanga kazi hivi kwamba kosa la kwanza la mwanafunzi liwe kosa rahisi. Bibi mmoja Mmarekani, Jean Lave, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970. Aliona kwamba kijana anaanza na mambo ya mwisho ya nguo, vifungo na pindo, kisha kushona, na kukata kitambaa kunakuja nyuma kabisa. Kwa nini? Kifungo kikikosewa unakitoa, kitambaa kikikatwa vibaya kimepotea. Katika atelie zetu tufanye vile vile. Mtu ajifunze kufunga umeme kwa kufuli kwenye sanduku lisilo na umeme ndani, mara kumi, huku mwenzake akimtafutia makosa. Kuosha macho yaliyorukiwa na asidi ajifunze kwa maji matupu: afumbe macho, atafute bomba kwa kupapasa, kwa maana siku ya ajali hataona, kisha abaki hapo dakika 15 nzima kwa saa. Wengi wanashangaa dakika 15 ni ndefu namna gani. Waliodhani wameosha vya kutosha wametoka kwenye dakika ya pili.

NYUMBANI

Mama wa nyumbani wasidhani ukurasa huu si wao. Mwaka 1973, katika nchi ya Tanzania, kulikuwa na kazi kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni mbili walikusanyika kwa vikundi, wiki kumi na mbili, wakasikiliza radio kwa Kiswahili juu ya malaria, kuhara na magonjwa mengine. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa, nao hawakufundishwa kuhubiri. Radio ikinyamaza, kikundi kinazungumza: kwetu hapa ugonjwa huu unatoka wapi? Sisi tutafanya nini? Kisha wanainuka na kufanya, wanachimba vyoo, wanafukia madimbwi ya maji. Katika kartie zetu kikundi cha namna hiyo kinaweza kuanza na mama sita na kiti kimoja kimoja.

Tuchukue kuhara kwa mtoto. Mama wengine wanamnyima mtoto maji, na wao pia wana akili yao: beseni linavuja, kwa nini nimwage tena? Ukisema tu "Mpe maji", atakuitikia, na usiku atafanya yale anayoyaamini. Leta ndoo yenye tundu dogo chini, na juu yake mchoro wa mstari: "Mama, maji yakishuka chini ya mstari huu mtoto anakufa. Tundu hatuwezi kuliziba leo. Tufanye nini?" Atachukua kopo na kumimina kwa mkono wake.

Halafu atengeneze maji ya kumpa mtoto mbele yenu: maji safi yaliyotokoswa na kupoa, litre moja, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Mwache apime yeye. Hapo ndipo utaona kijiko cha bukari badala ya kijiko cha chai, na chumvi ya mlima badala ya chumvi iliyosawazishwa, makosa ambayo hakuna mdomo ungekuambia. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mtoto mwenyewe apelekwe disipanseri apate pakiti za dawa ya kuhara pamoja na zinki, na upesi zaidi kama macho yameingia ndani au hawezi kunywa.

Na salopeti ya mume? Bibi anayeikung'uta nje ya mlango kabla ya kuifua anajaza pua yake na ya watoto vumbi lile lile la kwenye tochi. Iloweshwe kwanza katika maji, bila kukung'utwa. Vizuri zaidi ibaki kazini. Mume asilitoe kama amri. Amwonyeshe tochi.

Juu ya masomo ya watoto nitasema kidogo tu. Mtoto akirudi na hesabu iliyokatwa kwa wino mwekundu, kabla ya kumpa jibu mwambie akueleze alivyofikiri, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote ya nyumbani. Mara nyingi atalikuta kosa katikati ya maneno yake mwenyewe.

KWA KIKAO CHA ASUBUHI

Viongozi wa ekipe, jaribuni wiki moja kufanya kikao cha sekirite bila kutumia neno "Mmeelewa?" Jibu lake ni moja siku zote na halina faida. Badala yake semeni "Nionyeshe" au "Mweleze mwenzako aliyefika jana". Chagueni jambo moja tu kwa siku. Na kama mtu amekwepa ajali jana, aanze yeye, bila kuadhibiwa kwa kusema. Akiadhibiwa mara moja, hakuna atakayesema tena mwaka mzima.

Maswali ya safari hii, ya kuzungumza na ekipe au jamaa yako:

Wewe unajua jambo gani la kujikinga ambalo hakuna aliyekufundisha kwa mdomo? Ulilijuaje?

Kuna dawa gani ya vumbi, ya asidi au ya moto ambayo wazee wako wa kazi waliitumia? Inafika wapi katika mwili?

Mlango wa disipanseri uko wazi kwa majibu, hata yale mnayoogopa kwamba munganga atayacheka.